Kifo Hakifungi Kesi: Misiba na Magomvi ya Familia katika The Archers

Jumapili ya tarehe 2 Januari 2011, katika kipindi maalumu cha kuadhimisha miaka 60 ya mchezo wa redio wa Uingereza uitwao The Archers, Nigel Pargetter alipanda juu ya paa la jumba lake la Lower Loxley kuteremsha bango la heri ya mwaka mpya. Upepo ulikuwa mkali. Aliyekuwa naye huko juu ni shemeji yake David Archer, mkulima wa ng'ombe wa maziwa, kaka wa mkewe Elizabeth. Nigel akaanguka na kufa, na Elizabeth akabaki mjane mwenye mapacha wa miaka 11, Freddie na Lily.

Kwa kijiji kizima ile ilikuwa ajali. Lakini David alikuwa na jambo moyoni: yeye ndiye aliyemhimiza Nigel wapande usiku ule. Pengine bila maneno yake bango lingekaa mpaka asubuhi. Miezi ikapita, watu wakamzika Nigel, Elizabeth akajifunza kuendesha jumba peke yake, na David akawa anakwenda kumsaidia mdogo wake huku siri imemkaa kooni. Siku alipokiri, Elizabeth alimfungia mlango. Mama yao, Jill, ambaye naye alikuwa amefiwa na mumewe mwaka uliotangulia, akajikuta katikati ya watoto wawili wasiosemezana.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwa ufupi jinsi mchezo huu unavyofanya kazi, na pia kwa sababu wengi wanaousikia kwa mara ya kwanza hupotea hapohapo. Nani ni nani? Kwa nini kifo cha mwaka 2011 bado kinatajwa miaka mingi baadaye? Kwa nini watu wanaogombana juu ya marehemu wanaishia kugombana juu ya malisho na ghala? Jibu langu ni hili: huko Ambridge, kijiji cha mchezo huu, msiba haumaliziki na matanga. Unarithiwa na walio hai, kama shamba linavyorithiwa, na mara nyingi mambo hayo mawili hupita mkono mmoja. Ukilishika hilo, nyuzi nyingi zinaanza kufunguka.

Ambridge ni kijiji cha kubuni, katika kaunti ya kubuni ya Borsetshire, sehemu za katikati ya Uingereza. Mchezo ulijaribiwa mwaka 1950 kwa wasikilizaji wa eneo la Birmingham, kisha ukaanza rasmi kusikika nchi nzima tarehe 1 Januari 1951. Mwanzilishi wake ni Godfrey Baseley wa BBC, na kusudi lake halikuwa machozi hata kidogo. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha, lakini chakula bado kiligawiwa kwa mgao, na mgao huo ulidumu hadi 1954. Serikali ilitaka wakulima wazalishe zaidi. Mwaka 1948, katika mkutano wa wakulima na watu wa redio mjini Birmingham, mkulima mmoja aitwaye Henry Burtt alisema wanachohitaji ni Dick Barton wa wakulima. Dick Barton alikuwa mpelelezi wa mchezo wa redio uliokuwa ukiwakusanya watu kila jioni. Wazo likachekwa kwanza, kisha likafanyiwa kazi, na waandishi wawili wa Dick Barton, Edward J. Mason na Geoffrey Webb, ndio walioandika The Archers ya mwanzo.

Kwa hiyo chimbuko ni elimu ya kilimo: mbegu, chanjo, mashine, bei ya maziwa. Lakini huwezi kumfundisha mkulima kuhusu shamba bila kumgusa baba aliyempa shamba hilo, ndugu waliokosa, na mwana anayengoja. Baseley alitaka kuzungumza juu ya udongo, na udongo ukaleta familia nzima nyuma yake.

Jambo la pili la kulijua ni saa ya mchezo huu. Ambridge inaishi katika kalenda yetu. Ikiwa kwa msikilizaji ni Krismasi, kule nako ni Krismasi. Kondoo wakizaa nchini, Brookfield, shamba la akina Archer, nako wanazaa. Ugonjwa wa miguu na midomo ulipoikumba mifugo ya Uingereza mwaka 2001, mchezo ukabadilishwa haraka na familia ya David ikajifungia shambani kujikinga. Kipindi kimoja huchukua kama dakika 13 tu, lakini vimekwisha kurushwa zaidi ya 20,000. Mtoto anayezaliwa leo atasikika akianza shule baada ya miaka halisi, na atazeeka kwa miaka halisi. Filamu hukuonyesha mjane akilia, kisha maandishi ya "miaka mitano baadaye" yanatokea na tayari anacheka. Hapa hakuna njia hiyo ya mkato. Miaka mitano ni miaka mitano, na mwandishi analazimika kujua Elizabeth anafanya nini kila Januari.

Saa hiyo inawagusa hata waigizaji. Norman Painting alimwigiza Phil Archer, baba wa David na Elizabeth, tangu mwanzo kabisa wa mchezo hadi alipofariki Oktoba 2009, karibu miaka 60 katika nafasi moja. Phil naye ilibidi afe, na kifo chake kikasikika Februari 2010: Jill anarudi nyumbani anamkuta amekwisha kutulia kwenye kiti, muziki ukiendelea. Wasikilizaji walikuwa wamekwisha kumlilia Painting. Sasa wakamlilia Phil. Sijui mahali pengine ambapo watu hufanya matanga mara mbili kwa sauti moja.

Tofauti kubwa iko kati ya vifo vya zamani na vya sasa. Kifo maarufu kuliko vyote ni cha Grace, mke wa kwanza wa Phil, tarehe 22 Septemba 1955. Zizi la farasi lilishika moto, Grace akatoka salama, kisha akarudi ndani kumwokoa farasi aitwaye Midnight. Walikuwa na miezi mitano tu ya ndoa. Inakadiriwa watu milioni 20 walisikiliza. Usiku huohuo televisheni ya kibiashara ya ITV ilikuwa inaanza kurusha matangazo yake ya kwanza Uingereza, na BBC haikutaka jambo jingine lizungumzwe kesho yake. Miaka mingi baadaye Ysanne Churchman, aliyemwigiza Grace, alieleza kwamba kulikuwa na sababu nyingine: alikuwa akiwahimiza waigizaji wenzake wajiunge na chama cha wafanyakazi, na mkuu wake hakupenda. Vyovyote iwavyo, Grace aliuawa kwa ajili ya tukio. Phil alihuzunika, mwaka 1957 akamwoa Jill, na mchezo ukasonga mbele. Kifo kilikuwa kishindo tu, hakikuwa na mzizi.

Mizizi ilikuja baadaye, waandishi walipoanza kuuliza swali la mkulima: aliyekufa alikuwa ameshika nini mkononi, na sasa kitashikwa na nani?

Hapa inabidi nieleze jambo moja la Uingereza ambalo msomaji wa Kiswahili anaweza kulikosa. Kwetu pwani, mirathi ya Mwislamu ina mafungu yanayojulikana. Mtu hawezi kuusia zaidi ya theluthi ya mali yake, na kila mtoto ana haki yake, mwanamke na mwanamume, hata kama mafungu hayalingani. Bara nako mila nyingi humgawia kila mtoto wa kiume kipande, mpaka vipande vinakuwa vidogo kuliko kivuli cha mwembe. England ni tofauti. Mwenye mali ana uhuru mkubwa wa kumwachia amtakaye. Ipo sheria ya mwaka 1975 inayowaruhusu baadhi ya jamaa kwenda mahakamani kudai, lakini hakuna mafungu ya lazima. Na shamba la maziwa likikatwa mara nne si mashamba manne. Ni hasara nne. Ng'ombe wanahitaji malisho yaleyale, mashine ni moja, mkopo ni mmoja. Ndiyo maana familia za wakulima huko hujikuta zikimchagua mtoto mmoja. Wengine huambiwa wanapendwa.

Phil na Jill walikuwa na watoto wanne: mapacha Kenton na Shula, David, na kitinda mimba Elizabeth. Walipofika umri wa kustaafu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilibidi Brookfield ipate mtu. David na mkewe Ruth ndio waliokuwa wakiamka alfajiri kukamua, kwa hiyo hoja yao ilikuwa na uzito. Lakini thamani ya ardhi ilikuwa imepanda kiasi kwamba kumpa David shamba ni kumpa utajiri ambao ndugu zake hawataugusa maisha yao yote. Ugomvi ukazuka, na haukuwa wa watu wabaya. Kila mmoja alikuwa na haki upande wake, na hilo ndilo linaloumiza. Mimi nina huruma zaidi kwa waliokosa, kwa sababu mfanyakazi wa shamba anaweza kuhesabiwa saa zake, bali mtoto aliyelelewa pale na akaondoka hana pa kuandikia alichopoteza.

Sasa mrudishe Nigel juu ya paa. Anayemhimiza si kaka yeyote tu. Ni kaka aliyepewa shamba. Elizabeth anapojua ukweli, hasira yake haianzii Januari 2011. Ina mlundikano wa nyuma yake. Ndiyo sababu rambirambi, maua na ahadi za David hazikutosha, na ndiyo sababu upatanisho wao ulikwenda polepole mno, ukirudi nyuma mara kwa mara. Waandishi wangeweza kuwapatanisha kwa kipindi kimoja cha machozi ya Krismasi. Nawashukuru kwa kutofanya hivyo.

Ardhi ileile ikamrudia David kwa sura nyingine. Mwaka 2014 ilipangwa barabara ambayo ingepita katikati ya Brookfield. David na Ruth wakaamua kuuza na kuhamia kaskazini, karibu na Heather, mama yake Ruth, mzee aliyekuwa akiishi peke yake mbali nao. Kila kitu kilikuwa kimekwisha kupangwa. Kisha mwanzoni mwa 2015 David akaghairi. Hakuweza kuuacha udongo wa baba zake. Kijiji kilifurahi. Ruth hakufurahi. Yeye aliolewa kuja Brookfield, ameipa shamba ujana wake na mgongo wake, na mara ya kwanza alipoomba mzigo uegemee upande wa kwao, jibu likawa hapana. Mwaka huohuo wa 2015 Heather akafariki. Msikilizaji aliyeolewa mbali na kwao hahitaji kufafanuliwa zaidi. Huzuni ya Ruth haikuwa ya kufiwa na mama tu. Ilikuwa na deni ndani yake, na mdaiwa alikuwa analala naye kitanda kimoja.

Shamba la Bridge Farm ni hadithi nyingine ya tawi jingine la ukoo huohuo, na kwangu ndiyo yenye kina kuliko zote. Tony, binamu wa David, na mkewe Pat walikuwa na watoto watatu: John, Helen na Tom. Februari 1998 trekta kuukuu la Ferguson lilipinduka na kumlalia John. Baba yake ndiye aliyemkuta. Muda mfupi kabla ya hapo, mpenzi wake Hayley alikuwa amekataa kuolewa naye.

Fuata sasa kila mtu alivyoubeba msiba ule. Pat, mama mwenye nguvu aliyeongoza shamba katika kilimo hai, alizama katika sonona. Tony alikuwa na picha ya alichokikuta, na hakuna wa kumwondolea. Tom, mdogo wa mwisho, aliichukua biashara ya nguruwe na soseji ya kaka yake, akaikuza kwa bidii ya kutisha. Kwa nje lilikuwa jambo la kusifiwa. Aprili 2014, siku ya harusi yake, akamwacha Kirsty kanisani. Watu walimlaani, na Kirsty alistahili kutetewa. Lakini ukiwa umemsikiliza Tom tangu 1998, unajua kijana huyu alikuwa akijaribu kuishi maisha ya mtu mwingine, na siku ya kuapa kwa jina lake mwenyewe hakujipata.

Helen alichukua njia yenye giza zaidi. Mwanamume aliyempenda, Greg, alijiua mwaka 2004. Helen akaacha kula, akaugua ugonjwa wa kujinyima chakula, na akawa mtu anayetaka kila kitu kiwe chini ya mkono wake kwa sababu vilivyo nje ya mkono wake vilikwisha kumnyang'anya kaka na mpenzi. Kisha akaja Rob Titchener, mtanashati, mwenye maneno mazuri, aliyeona udhaifu huo kabla ya mtu yeyote. Kwa zaidi ya miaka miwili wasikilizaji walimsikia akimkata Helen na marafiki, akimchagulia nguo, akimfanya aitilie shaka akili yake. Hapakuwa na ngumi mwanzoni, palikuwa na "nakujali tu, mpenzi." Aprili 2016 Helen akamchoma kisu. Septemba mwaka huohuo kipindi kirefu cha saa nzima kikatuingiza katika chumba cha baraza la mahakama lililokuwa likiamua hatima yake, na akaachiwa huru.

Wakati huo Uingereza ilikuwa imetoka kuweka sheria inayolifanya jinai tendo la kumtawala mwenza kwa vitisho na hila. Ilianza kutumika Desemba 2015. Wanawake wengi walisema walikuwa wakisikia nyumba zao redioni. Mchango ulioanzishwa na msikilizaji mmoja kwa ajili ya shirika la Refuge, linalowasaidia wanawake wanaoteswa majumbani, ulipita pauni 100,000. Kisa hiki kinasifiwa sana kwa jinsi kilivyoelimisha, na sifa hiyo ni ya haki. Ninachotaka kuongeza ni kwamba hakikuanza na Rob. Kilianza chini ya trekta mwaka 1998. Yule binti asingekuwa na tundu kubwa hivyo la kuingilia kama familia ingeweza kuomboleza pamoja. Waliomboleza kila mmoja chumbani mwake.

Na Hayley je, yule mpenzi wa John? Hapa ndipo nyuzi mbili zinapokutana kwa namna ambayo hata mimi niliichora kwenye karatasi ili kuielewa. Hayley alibaki kijijini baada ya kifo cha John. Akawa yaya wa mapacha wa Nigel na Elizabeth. Mwaka 2001 akaolewa na Roy Tucker, ambaye baadaye alikuwa meneja Lower Loxley. Nigel akafa 2011. Mwaka 2014, Elizabeth akiwa mjane aliyechoka na upweke, akalala na Roy. Ndoa ya Hayley ikavunjika, akaondoka kurudi Birmingham. Msiba wa Bridge Farm ulimfikisha Hayley mlangoni pa Elizabeth. Msiba wa Lower Loxley ukamfukuza. Hakuna aliyepanga kumdhuru. Elizabeth alikuwa anatafuta tu mtu wa kumshika mkono, akaushika mkono wa mume wa mwanamke aliyemlelea watoto.

Hata hapo hesabu haijafungwa. Mwaka 2018 Freddie, yule mtoto wa miaka 11 wa siku ya paa, alikamatwa kwa kuuza dawa za kulevya akapelekwa kifungoni, na Elizabeth, aliyekuwa amesimama imara miaka saba, akavunjika. Sonona ikamshika kiasi cha kushindwa kuamka. Watu wa Ambridge walishangaa: mbona sasa? Si ameshazoea? Yeyote aliyewahi kufiwa anajua kwamba swali hilo huulizwa na watu waliokwenda nyumbani baada ya mazishi.

Inafaa kusema kidogo jinsi yote haya yanavyoundwa kwa sauti. Hakuna msimulizi. Hakuna wa kukuambia "Elizabeth alikuwa na huzuni." Kuna vikombe, mlango, mbwa, mvua, na watu wanaozungumza juu ya jambo jingine. Studio iko Birmingham. Geti la shamba linalolia ni ubao wa kupigia pasi, na kondoo anayezaliwa ni taulo lililolowa na mtindi. Katika dunia ya namna hiyo, mtu asiyesema hayupo, kwa hiyo mfiwa aliyenyamaza ni tatizo kubwa la ufundi. Waandishi hulitatua kwa kazi. Mfiwa wa Ambridge anasikika akikamua, akifua, akihesabu mayai, huku mwenzake akiongea peke yake. Shamba haliwapi likizo ya msiba. Ng'ombe hukamuliwa asubuhi ya mazishi. Nafikiri hapo ndipo elimu ya kilimo ya Baseley, bila yeye kukusudia, iliupa mchezo huu lugha ya huzuni.

Mbegu ya The Archers imepandwa pia karibu na kwetu. Nchini Rwanda, mchezo wa Urunana ulianza mwaka 1999 kwa Kinyarwanda katika idhaa ya Maziwa Makuu ya BBC, ukiwa umebuniwa kwa kuiga mfano wa Ambridge: kijiji cha kubuni, familia za wakulima, na ndani yake elimu ya afya na uzazi. Mwaka 2004 ukaja Musekeweya, wa shirika la Radio La Benevolencija, kuhusu vijiji viwili vya vilimani, Bumanzi na Muhumuro, vinavyogombania bonde lenye rutuba. Nani alipewa bonde, nani alinyimwa, nani ana njaa: ugomvi unaanza na ardhi hapo vilevile. Kijana Shema wa kijiji kimoja anampenda Batamuriza wa kijiji cha pili, na anayewachochea vijana wakashambulie wenzao ni Rutanagira, kaka yake Batamuriza. Katika nchi iliyopitia mauaji ya kimbari ya 1994, mchezo haukuwataja Wahutu wala Watutsi. Haukuwa na haja. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alifuatilia makundi ya wasikilizaji kwa mwaka mzima na kuchapisha matokeo mwaka 2009: imani za watu binafsi hazikubadilika sana, lakini kilichobadilika ni jinsi walivyoona ipasavyo kutenda katika jamii, pamoja na jinsi walivyoshirikiana. Kumsikiliza Batamuriza akimpinga kaka yake hakukuondoa kinyongo moyoni. Kuliwaonyesha watu kwamba inawezekana kumpinga kaka.

Tanzania tulikuwa na Twende na Wakati, uliorushwa na Radio Tanzania kuanzia 1993. Kwa miaka miwili ya mwanzo wasikilizaji wa Dodoma waliwekewa vipindi vingine, ili watafiti walinganishe. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, alikuwa mfano wa kuepukwa; mkewe Tunu alianza akiwa mnyonge, kisha akajitegemea kwa biashara yake. Mkwaju akafa kwa UKIMWI. Muundo huo ulitoka kwa Miguel Sabido wa Mexico: mhusika mwema, mhusika mbaya, na wa katikati anayebadilika mbele ya masikio yetu. Ulifanya kazi kubwa, na nchi ilikuwa inazika watu kila wiki. Hapakuwa na muda wa utata.

Lakini tofauti na Ambridge iko wazi. Kifo cha Mkwaju kina jibu: ndiyo malipo ya njia yake. Kifo cha Nigel hakina. David si Mkwaju. Ni mtu mwema aliyesema neno moja la kizembe kwenye usiku wenye upepo. Mchezo wa mafunzo unahitaji kifo kieleweke. Mchezo unaoishi miaka 70 na zaidi unaweza kukiacha kisieleweke, ukamwachia msikilizaji akae nacho, na naamini redio za Kiswahili zina wasikilizaji waliokomaa kwa ajili ya michezo ya aina hiyo. Sisi tuna mashamba yanayogombaniwa, wajane wanaonyang'anywa, ndugu wasiosemezana tangu matanga ya baba. Tuna kila kitu isipokuwa mchezo wenye subira ya kuvifuata vyote kwa miaka 20.

Kwa subira hiyo, hakuna kisa kinachonigusa kama cha Jennifer Aldridge wa shamba la Home Farm. Jennifer aliingia katika ndoa na Brian akiwa na watoto wawili, Adam na Debbie. Pamoja wakapata Kate na Alice. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Brian akawa na uhusiano na Siobhan, mke wa daktari wa kijiji, na mwaka 2002 akazaliwa mtoto, Ruairi. Jennifer akajua. Alilia, alimfokea, akabaki. Mwaka 2007 Siobhan akafariki kwa saratani, na Brian akalazimika kumwomba mkewe jambo ambalo hakuna mume mwenye haki ya kuliomba: amlee mtoto yule. Jennifer akakubali. Hakukubali kwa tabasamu, wala mara moja. Watoto wake wakubwa waliona wazi maana yake: amekuja mgawanyo mpya wa shamba, na mama yao ndiye aliyemfungulia mlango.

Akamlea. Alimfulia, akamsomesha, akamtetea mbele ya dada zake. Mwaka 2019, baada ya sumu iliyozikwa shambani miaka mingi nyuma kuvujia mtoni, Brian na Jennifer wakauza nyumba yao kubwa, na ni Jennifer tena aliyeupika ugali wa aibu ile ukalika. Januari 2023 akafa ghafla kwa maradhi ya moyo. Ruairi, miaka 20, akawa amefiwa na mama mara ya pili. Brian, mgane mwenye hatia ya miaka 20 aliyokuwa akisamehewa kila siku bila kuambiwa, akabaki bila wa kumsamehe.

Nyumba imeuzwa, lakini shamba lenyewe bado lipo, na watoto ni watano: wawili wa Jennifer pekee, wawili wa wote, mmoja wa Brian pekee. Katika sheria ya England Brian anaweza kuusia kwa amtakaye. Katika meza ya chakula hawezi, kwa sababu kila mmoja wa hao watano anaweza kusema mama angetaka nini, na kila mmoja atakuwa anasema kweli.